Bunduki ya Rangi ya Mlango wa Saluni

Bunduki ya marehemu Papa Gedeoni niliikataa mbele ya watu, katika ukumbi wa chini wa kanisa, vidole vyetu vikiwa bado na mafuta ya sombe, yale majani ya muhogo. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeketi mwisho wa meza karibu na sufuria, mahali ninapopenda kuketi ili nisiombwe kusema neno la faraja, na nilikuwa nimeshaanza sahani ya pili, Inosenti aliposimama. Inosenti ni mwenzetu wa kuwinda, mtu mwenye sauti ya kutangaza hata anapoomba chumvi. Akasema mjane, Mama Gedeoni, amekubali bunduki nzuri ya mume wake, ile yenye kitako cha mti mwekundu na darubini ya Kijerumani, ichukuliwe na mtu mwenye kibali ambaye marehemu alimfundisha mwenyewe. Macho ya ukumbi mzima yakanijia. "Na sasa," Inosenti akamalizia, "ndugu yetu Bahati ataistaafisha ile yake ya rangi ya mlango wa saluni, maana ametuaibisha porini miaka yote hii." Watu wakacheka, kwa sababu misiba yetu huwa na mahali pa kucheka, baada ya bugali na kabla ya chai. Nikafuta mikono. Nikasema namshukuru Mama Gedeoni, lakini hapana, ile yangu inanitosha. Mama mmoja wa kwaya akamnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyofika mpaka kwangu, "Kumbe ni kweli, huyu hajakua." Mjane peke yake hakushangaa. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akaniongezea ndagala, wale dagaa wa kwetu.

Basi nieleze, na nitaeleza kama mtu asiyeomba radhi. Ninayo bunduki ambayo yeyote anayejua bunduki akiitupia jicho mara moja anajua kwamba mwenyewe aliinunua bila kujua kitu. Ni ya marisau, ya kupiga mara moja tu kisha unaikunja katikati kama mkate unaotaka kupakwa siagi, na ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wanaofuatana na baba zao kuwinda. Kitako chake ni cha plastiki ya rangi ya feruzi. Feruzi kabisa, ile ya mlango wa saluni ya kusuka iliyokuwa chini ya jengo letu la zamani. Inosenti anasema wanyama wakiiona wanadhani ni sikukuu ya kuzaliwa ya mtu. Sawa. Mimi ni mtu wa nyumbani, sekondari niliimaliza kwa kuburutwa, na mahali ninapopajua vizuri kuliko pote duniani ni kiti kilicho mbele ya televisheni yangu. Kuchekwa nimechekwa sana, na sijapungua kilo hata moja kwa sababu hiyo. Lakini mwaka niliponunua bunduki ile ndio ulionifanya niweze kuketi kwenye kiti hicho nikiwa nimeupa mlango mgongo, na siubadilishi kwa darubini ya Kijerumani.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nikilala kwenye sofa ya Yaya Furaha, ghorofa ya tisa, Mount Dennis, huku Ontario. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Hatukuzaliwa nyumba moja. Tulitoka Uvira siku moja kwa barabara moja, na kwa habari za ukoo hiyo inatosha. Yeye alifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, mimi nilikata kuku kiwandani, na binti yake Neema alikuwa akisoma, akitusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Chumba muhimu kuliko vyote katika nyumba ile kilikuwa korido, kwa sababu korido haikuwa na dirisha. Mwezi wa tano, wenyeji wanapowasha fataki kwa heshima ya malkia wao wa zamani, Yaya alihamishia chakula pale. Hakusema kwa nini. Alisema tu, "Leo tule huku, sebuleni kuna joto," hata kama nje kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Tuliketi sakafuni chini ya makoti yaliyotundikwa, migongo ukutani, sufuria ya wali na maharagi katikati yetu, fataki zikilia huko juu ya reli, nasi tukitafuna polepole ili tusikie vizuri. Neema yeye alikuwa dirishani anapiga makofi. Mwaka ule alikuja akasimama kwenye mlango wa korido, akatutazama, akauliza kwa Kiingereza chake mbona watu wazima tumejificha. Yaya akamwambia hatujajificha, tunakula. Neema akauliza, basi mbona Mjomba Bahati amejifunika koti. Nikajitazama. Kweli, nilikuwa nimelivuta koti la kazi la Yaya mpaka puani, na kijiko bado nimekishika.

Wiki ile ile nilijiandikisha katika darasa la bunduki. Watu hudhani aliyekimbia bunduki atamaliza maisha yake akiichukia, aimbe nyimbo za amani, apande maua. Mimi maua hayanipendi. Kilichonichoma ni kwamba kile kitu kilinijua mimi ndani na nje, kilijua mbio zangu na jasho langu, na mimi sikujua hata kinafunguliwa wapi. Darasa lilikuwa la siku za mapumziko, katika chumba chenye viti vya kukunja na kahawa mbaya, na mwalimu alikuwa mzee mstaafu wa Kizungu aliyefunga suruali kwa mikanda ya mabegani. Akatuuliza mmoja mmoja tuna uzoefu gani. Mmoja akasema shamba la mjomba wake, mwingine akasema michezo ya kompyuta, akatazamwa. Waliposikia mimi natoka Kongo ya mashariki, wote wakajiweka sawa kwenye viti. Mzee akasema bila shaka nina mengi ya kuwasimulia. Nikajibu kwamba uzoefu ninao mwingi, ila wote ni wa upande wa mbele. Kiingereza changu cha siku zile kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo wenzangu wakadhani nimekosea neno. Mzee hakudhani hivyo. Alinitazama kidogo, akachukua bunduki ya mazoezi isiyopiga, akaigeuza, akaniwekea kitako mkononi. Akasema upande wa nyuma ndio huu, tuanzie hapa.

Kibali kilipotoka, Papa Gedeoni alinichukua. Alikuwa shemasi wetu, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na kila majira ya majani kupukutika alikwenda na wanaume wachache wa kanisa kuwinda sungura na kware katika shamba la mtu anayemfahamu, kaskazini mwa mji. Jikoni kwake ndipo nilipojifunza kwamba wawindaji huwapenda malimbukeni kuliko wanavyopenda nyama. Mama Gedeoni alikuwa akikaanga, madirisha yamejaa mvuke, na hao wawili, Papa Gedeoni na Inosenti, wakabishana ni yupi mjinga zaidi kati ya wajinga waliokwisha kuwaona dukani.

"Mimi nampenda yule wa sinema," Papa Gedeoni alisema. "Anataka fupi, nyeusi, haina kitako, ya kushika kiunoni. Unamuuliza, papa, unaenda kuwinda au kuiba benki? Sungura anamwangalia tu, anarudi kula."

"Huyo bado ana nafuu. Kuna anayenunua darubini ghali, halafu bunduki ya kuifungia anaitafuta ya bei ya chini."

"Kuna na yule anayenunua kubwa kuliko zote, ya kuua tembo, wakati Ontario tembo yuko zoo tu."

Mama Gedeoni akageuka kutoka kwenye kikaango. "Inosenti, waonyeshe nyusi."

Inosenti akainamisha uso kwenye taa, bila aibu yoyote. Juu ya jicho la kulia alikuwa na kovu la mviringo, kama nusu ya kikombe kilichoachwa mezani. Bunduki yake ya kwanza ilikuwa hiyo ya tembo. Aliweka jicho karibu na darubini, akapiga, bunduki ikampiga teke, na darubini ikamgonga muhuri.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," Papa Gedeoni aliniambia, "weye usinunue kitu peke yako. Nitakupeleka Jumamosi. Utachukua ndefu ya kawaida, nyeusi, iliyokwisha kutumika, isiyo na mapambo. Bunduki hainunuliwi kwa macho."

Nilikwenda Alhamisi, peke yangu, kwa basi. Sijui kama ulikuwa ukaidi au haraka. Nilijua tu kwamba nikienda na mtu, nitachukua atakachokisema. Duka lilikuwa pembeni mwa mji, katikati ya muuza vigae na muuza mazulia, na nilipoingia nikaona ukuta. Ukuta mzima wa bunduki zilizosimama wima, nyeusi na za mbao, zimepangwa kama watu wanaosubiri amri. Nilisimama kwenye zulia la duka lile nikisoma maandishi ya mkebe wa mafuta ya kusafishia kama mtu anayejiandaa na mtihani, mpaka jasho liliponikauka, ndipo nikaanza kupita mbele ya bunduki moja moja. Hii nimeiona. Hii nimeiona. Hii ilikuwa kwenye kizuizi cha barabara pale darajani. Hii ilishikwa na mtoto mdogo kuliko Neema. Muuzaji, kijana mpole mwenye ndevu, alinifuata nyuma akinieleza uzito na umbali, na mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikitafuta kitu kimoja tu ambacho yeye hakukiuza kwa jina: bunduki ambayo hakuna mtu aliyewahi kuninyooshea. Niliikuta mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, kwenye rafu ya watoto. Muuzaji akatabasamu. Akauliza binti yangu ana umri gani. Nikamwambia bado mdogo. Akanipongeza kwa kumwanzisha mapema.

Bunduki haipandi basi vizuri, kwa hiyo nikampigia Papa Gedeoni aje na gari. Alifungua sanduku palepale kwenye maegesho, akalifunga, akalifungua tena.

"Yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Papa."

"Hapana, hii ni ya mtoto. Nauliza yako."

Tulipofika kwenye taa za Weston Road akapaza sauti, akimwambia Mungu, si mimi, kwamba amefundisha watu wengi lakini hajawahi kumfundisha mtu aliyenunua bunduki inayofanana na mswaki.

Haikuja nyumbani. Nilipomweleza Yaya, alikuwa akipiga pasi nguo za kazi. Hakuinua uso. Alipitisha pasi kwenye kola, akaigeuza, akaipitisha tena mahali palepale mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. "Bunduki hailali mahali ninapolala mimi," alisema. "Ililala mara moja, kule Uvira, na kulipokucha hawakuwepo wote. Unajua." Nilijua. Kwa hiyo ikakaa katika kabati la chuma la Papa Gedeoni, na Inosenti akaeneza kanisa zima kwamba bunduki ya Bahati imepelekwa shule ya bweni. Kila Jumapili baada ya ibada mtu aliniuliza inaendeleaje na masomo, kama imeshazoea chakula, kama wenzake wakubwa hawaionei. Shemasi mwenyewe alijiunga. Alisema inalia usiku ikimwita mama.

Siku ya kwanza shambani ndipo waliponimaliza. Ilikuwa asubuhi yenye umande, majani mekundu yamelala chini, na Papa Gedeoni alikuwa amebandika karatasi kwenye ubao mbele ya kilima cha udongo. Inosenti akapiga, karatasi ikatoboka. Mimi nikaingiza risasi yangu moja, nikakunjua, nikaweka begani. Sasa, bunduki ya mtoto ina kitako kifupi, na mimi nina mikono mirefu ya kuning'iniza nguo; mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa mpaka kidole gumba kikakaa mbele ya pua. Ningeambiwa, ningekisogeza. Nilipopiga, ikanipiga teke, na kidole changu mwenyewe kikanipiga ngumi ya pua. Damu ikashuka hadi kidevuni. Inosenti aliketi chini kwenye majani akicheka, akashindwa kusimama. Papa Gedeoni akanijia na kitambaa, akajitahidi kuonyesha huruma, akashindwa naye.

Wasichokijua ni kwamba na mimi nilikuwa nacheka, na si kwa sababu ya pua. Kwa miaka yote nilikuwa nimeusikia mlio ule kutoka mbele, na kutoka mbele huwa hauishi. Unaingia ukutani, unaingia kwenye maji ya kunywa, unakusubiri katika fataki za watu. Asubuhi ile niliusikia kutoka nyuma. Ulikuwa mfupi. Ulikwisha. Kunguru wawili waliondoka kwenye mti, wakarudi. Nilikuwa nimesimama wima, nina damu mdomoni kwa kosa langu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa akikimbia. Nikamwambia Papa Gedeoni anipe risasi nyingine. Akasema, pua je? Nikasema pua itakuja nyuma.

Tangu siku hiyo nikaanza kuitaka nyumbani. Papa Gedeoni hakuelewa. Kabati lake lilikuwa zuri, lina kufuli, risasi ziko kwenye sanduku la pili lenye ufunguo wake, sheria yote imetimizwa, mimi ni wa kuwinda mara chache kwa mwaka na saa zangu nyingine zote ni za sofa; natafuta nini? Aliona afadhali niibadilishe kwanza, kwani alikuwa ameniahidi kunitafutia nyeusi ya kawaida, nibadilishane na mtu mwenye mtoto. "Ukiwa na ya mtu mzima," alisema, "tutazungumza habari za kuileta nyumbani." Inosenti alisema vilevile, na wazee wa kanisa wakasema, hata wale wasiojua risasi inaingilia wapi. Nilikuwa na upande mmoja unaoniambia niitoe ile kwa sababu ni ya kuchekesha, na upande mwingine, Yaya, unaoniambia nisiilete yoyote kwa sababu haichekeshi. Na mimi katikati nimekaa na pua iliyovimba, nikijibu wote kwa neno moja: hiihii. Sikuwahi kuwa mbishi hivyo maishani mwangu. Hata kiwandani, waliponihamisha kutoka mapaja ya kuku kwenda shingoni, nilisema asante.

Yaya alikwenda kwa kina Gedeoni siku moja ya mvua, kumsaidia Mama Gedeoni kusuka nywele kabla ya harusi ya mtu. Nami nilikuwa sebuleni, natazama mpira na Papa Gedeoni. Sauti zao zilikuja kutoka jikoni pamoja na harufu ya mafuta ya nazi.

"Umeiona lakini?" Mama Gedeoni aliuliza.

"Sina haja ya kuiona."

"Mimi nilikuwa kama weye. Gedeoni alipoleta yake ya kwanza nilihamia kwa dada yangu, mwezi mzima. Lakini hii ya mdogo wako, Furaha, kila kabati likifunguliwa mimi nacheka. Nenda kaione."

"Bunduki ni bunduki."

"Nenda kaione kwanza, halafu uniambie bunduki ni bunduki."

Kitana kikaacha kukwaruza. Papa Gedeoni akapunguza sauti ya mpira. Yaya akaja na kusimama mlangoni, mafuta yamemjaa viganjani, amenyoosha mikono mbele asiguse nguo.

"Nitoleeni," alisema.

Papa Gedeoni alifungua kabati. Akaitoa, akaikunja katikati, akamwonyesha kwamba ndani hamna kitu, akaiweka juu ya meza ya kahawa kwenye kitambaa chenye maua. Yaya hakusogea. Aliitazama kwa muda, kutoka mdomo wa mtutu hadi kitako, kama anavyowatazama wazee wake kazini anapotafuta mahali palipojeruhiwa.

"Hii imetengenezwa na nani?"

"Kiwanda," nilisema.

"Kiwanda kilikuwa kimelewa?"

Kisha akacheka. Alianza kidogo, kwa pua, halafu kicheko kikampanda, akashikilia mlango kwa kiwiko, akaketi kwenye mkono wa sofa na mafuta yake, machozi yakimtoka, na Mama Gedeoni akicheka jikoni bila hata kuona. Sijui kilidumu kiasi gani. Kilipokwisha hakufuta uso.

"Dukani zilikuwepo nyingine? Zile nyeusi?"

"Ukuta mzima."

"Na weye ukachukua hii."

"Nilitafuta ambayo hakuna mtu aliyewahi kutunyooshea, Yaya."

Papa Gedeoni, ambaye alikuwa amefungua mdomo aeleze habari za kitako kifupi, akaufunga. Nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa nadra. Yeye alitoka milimani kule Kongo mapema, kabla ya vurugu kufika kwao, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza alipofahamu nilichokuwa nikifanya mbele ya ukuta ule wa dukani. Nimesikia watu wengi wakieleza kosa la mwanagenzi: huchagua kwa macho. Ni kweli, nilichagua kwa macho. Wenzangu wa kosa hilo huchagua inayofanana na ya askari, mimi nikachagua isiyofanana na ya askari hata kidogo, na wote tunahesabiwa malimbukeni wa daftari moja. Sawa. Mniandike wa kwanza.

Yaya alipangusa kidole kimoja kwenye sketi yake, akainama, akakiingiza kwenye tundu ambamo risasi hukaa. Akakizungusha taratibu, akahakikisha mwenyewe. "Kwa nini unataka ilale kwangu?" aliuliza, akiiongelesha ile bunduki.

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba ndefu. Ikapotea. Nikasema, "Nataka tulale nayo ndani, halafu kuche, na watu wote wawepo."

Alirudi jikoni kumaliza nywele za mwenzake. Tulipokuwa tukivaa makoti ili tuondoke, akasema kwa sauti ile ya kutaja vitu vya kununua sokoni, "Na sanduku lake. Na kufuli. Na vile vidude vyake vikae mbali nalo, kwenye sanduku la pili. Hiihii, Bahati. Ukiibadilisha, unahama nayo."

Usiku wa kwanza ililala katika kabati la korido, chini ya makoti, imefungwa kufuli mara mbili. Mimi sofani sikufumba jicho, na nilisikia kitanda cha Yaya kikilia kila alipogeuka, kwa hiyo naye alikuwa macho. Kulipokucha alitoka na kitambaa chake cha kichwa, akapita koridoni bila kugusa kitu, akasimama sebuleni.

"Umeamka?"

"Nimeamka, Yaya."

"Neema ameamka?"

Neema akajibu kwa Kiingereza kutoka chumbani kwamba kwa kelele hizi nani angelala.

"Bon, sawa," Yaya alisema, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.

Jumapili iliyofuata Papa Gedeoni akaja kututembelea baada ya ibada. Alikuwa amepanda na sanduku refu, maana lifti siku hiyo ilikuwa na huruma, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari njema. Alikuwa ameipata. Nyeusi, ya kawaida, kitako cha mtu mzima, imetunzwa na mzee asiyewinda tena, na mzee huyo ana mjukuu wa kike ambaye ataipenda sana ile ya feruzi. Kila mtu atapata kinachomfaa. Alisema anajua jambo lile lina historia yake, na aliliheshimu, lakini porini ni porini, na yeye kama mwalimu wangu hawezi kumwacha mwanafunzi wake achekwe mpaka uzee. Alisema yote haya kwa upole, sanduku limelala mapajani, halijafunguliwa kufuli. Nami, aibu ilivyo, nilianza kulegea. Mtu aliyekufundisha akikubebea zawadi hadi ghorofa ya tisa, unaanza kutafuta neno la asante hata kabla hujajua unashukuru nini.

Yaya alikuwa ameshaleta chai na mandazi. Aliweka kikombe mbele ya Papa Gedeoni, akageuza mkono wa kikombe uelekee kwake, kama inavyopasa kwa shemasi.

"Papa Gedeoni," alisema, "ile ya rangi inabaki. Hiyo yako nyeusi iteremshe garini kwanza, halafu urudi unywe chai kabla haijapoa."

"Mama Neema, hii ni salama kuliko..."

"Nimesikia. Iteremshe."

Alinitazama mimi, akitegemea msaada wa mwanamume mwenzake. Nikachukua andazi. Papa Gedeoni akasimama, akalichukua sanduku lake, akatoka; tukasikia lifti ikishuka polepole, ikikaa sana huko chini, ikipanda tena. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu na mabega yana mvua. Akaketi mahali palepale, akashika kikombe kwa mikono miwili, na Yaya akamsogezea sukari.